Mafuta iliisha mbele ya filme kuisha

Nilikuwa na miaka 14 na kazi yangu ilikuwa ya kukaa ku mulango ya sine, pale Birere, Goma. Sine ya kwetu ilikuwa nyumba ya mbao, bati juu, mabenchi kama 10, tele moja mbele na jenereta nyuma ya ukuta, na mimi nakamata franka 100 kwa kila mukubwa, watoto 50. Mwenye sine alikuwa yaya yangu, ndugu mukubwa, mutoto ya mama mukubwa, wote tulikuwa tunamuitanga Patron. Siku moja jioni sine imejaa mpaka watu wamekaa chini, tunaonyesha filme ya vita ya Asia, na pale kabisa kijana anaingia mu nyumba ya adui yeye peke yake, giza. Mafuta imeisha. Patron akatuma mutu akatafute ingine, ule mutu akarudia mikono mitupu juu usiku ilikuwa imeshaingia.

Mi nilifikiri watatutukana alafu wadai pesa yao. Kuna wenye walidai kweli. Lakini wengi walibaki wamekaa palepale mu giza, na mutu moja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, mwenye alikuwa anakujanga karibu kila siku nyuma ya kushusha mizigo, akasema: "Petit, wewe hii filme umeiona, simama utuambie." Na nilikuwa nimeiona mara 5 ao 6. Nikasimama mbele ya ile tele imezima, mutu akawasha katochi ka simu, nikaanza kueleza vita: alipiga huyu, akaruka ule, akavunja mulango. Mutu wa chukudu akanikata. "Hiyo tunajua atawapiga. Mama yake mwenye alibaki ku kijiji, walionana tena?" Na sine yote ikaitikia, eeh, mama yake!

Ule mama ku filme yote alikuwa ameonekana dakika 2 ao 3, mwanzoni kabisa, anafunga chakula mu kitambaa anamupatia mutoto wake anaenda. Basi. Vita ilikuwa imechukua saa nzima, na watu wamelipa juu ya vita, lakini kile kilikuwa kimewakalia ku roho ni ule mama na kitambaa chake. Ile usiku sikuelewa, nilieleza tu kwamba ndiyo, alirudia nyumbani, na watu wakasimama polepole wakaenda. Hakuna mwenye alidai tena pesa.

Leo naandika. Naandikanga artikle ku intaneti na hadithi za kuendelea mu grupu ya WhatsApp (nasema artikle juu huku kwetu ukisema makala, mutu wa kwanza anafikiria mukaa ya kupikia, anauliza gunia ni ngapi). Na kila mara watu wananiuliza namna gani mutu anashika wasomaji, najibu kwa kurudia mu ile giza ya Birere.

Masomo ya pili niliyapata kwa jirani yetu mu mutaa wa Majengo, mwenye alikuwa na tele na antena, na wamama wa avenyu yote walikuwa wanajaa mu salo yake saa za jioni kuangalia novela. Novela za Mexico, nyuma yake za Wahindi, nyuma yake za Waturuki, zote zinasemwa kwa Kifaransa, na wamama wengi pale, na mama yangu ndani, Kifaransa hawakuwa wanasikia. Mimi nilikuwa nasoma segondere kwa hiyo nikawekwa mutafsiri. Nilijivunia ile kazi! Nikawa natafsiri kila neno, huyu amesema hivi, huyu amejibu vile, mpaka Mama Furaha mwenye nyumba akaniambia kwa upole, "Mutoto wangu, nyamaza kidogo. Sisi tunaona. Tuambie tu huyu ni nani wa huyu."

Huyu ni nani wa huyu. Wakishajua kwamba ule mama mwenye mapete ni mama mukwe, na ule kijana ni mutoto wa nje wa ule muzee mwenye kampuni, na yeye mwenyewe hajui, sasa wanaenda peke yao, hawana tena lazima ya mimi. Wanasoma uso. Na nikaanza kuona kitu ingine, kwamba zile novela zinajua kungoja. Mutu anapewa habari mbaya, alafu kamera inabaki ku uso yake, inabaki, muziki inapanda, sekunde nyingi hakuna mwenye anasema. Mi nilikuwa naonaga ni kupoteza wakati. Lakini ni pale hasa wamama walikuwa wanasema: "Unaona! Nilisema! Sasa atamujibu nini? Mi ningekuwa yeye..." na moja anakumbuka ya kwake na shemeji yake, na ingine anamukatalia, na wakati wamemaliza kusema, ule wa ku tele naye anafungua kinywa. Seri ilikuwa imewaachia nafasi ya kuingia. Zile seri za mbiombio, za risasi na helikopta, zenye haziachi mutu apumue, walikuwa wanaangalia wananyamaza, na kesho yake hakuna mwenye anaziongelea ku bomba ya maji. Na kitu chenye hakiongelewe ku bomba ya maji, siku ya tatu wamama wameshakiacha.

Nilikuja kufanya mafunzo kidogo ya redio kule Bukavu, na mwalimu wetu alituelezea mchezo wa redio wa Tanzania, Twende na Wakati, wenye Radio Tanzania walianza kupitisha mwaka 1993. Serikali ilitaka watu wasikie juu ya uzazi wa mpango na ukimwi, na wangeweza kuweka daktari aseme, lakini wakaweka dereva wa lori anaitwa Mkwaju, mwenye anaacha bibi yake Tunu nyumbani na kila fasi lori inalala yeye ana mwanamuke. Kwa kupima kama inasaidia, Dodoma hawakuipitisha mpaka 1995, ndipo wakalinganisha watu wa kule na wa fasi zingine, na wakaona fasi yenye ilisikika watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango. Mwalimu alisisitiza juu ya matokeo. Mimi nilibaki na Mkwaju. Juu nikafikiria barabara yetu ya kwenda Butembo na madereva wake, na nikajua kila mutu mwenye alikuwa anasikiliza alikuwa anajua Mkwaju moja kwa jina lake ya kweli, shemeji ao jirani ao yeye mwenyewe, na alikuwa anarudia ku redio kuangalia kama ule atapona. Mutu mubaya wa hivyo anashika wasikilizaji kuliko mutu muzuri, kama amefanana na mutu wa kwenu.

Sasa nafika ku kosa yangu, na hii naandika na uchungu bado.

Nilikuwa nimeanza kuandika artikle, na mwanzoni hazikuwa zinasomwa, nikaona wengine wanaweka vichwa vya kutisha na wanapata watu maelfu. Nikaandika moja juu ya bei ya tikiti za boti za Goma na Bukavu, namna imepanda, nani anakula ile tofauti, kazi nzuri kabisa, nilienda mimi mwenyewe ku porti siku 2 kuuliza. Alafu juu yake nikaweka kichwa: "Boti ya Bukavu: kile wanaficha familia." Wenye wanaishi huku Kivu wameshaelewa. Hapa kwetu hakuna familia yenye haina mutu mu boti. Ziwa imetukulia watu wetu. Watu walifungua ile artikle kuliko yote nimewahi kuandika, na saa 2 ya usiku mama mudogo akanipigia simu analia, juu binti yake alikuwa amepanda boti ile jioni, na yeye hakufika ata ku mustari wa pili ya artikle, aliona kichwa, mikono ikaanza kutetemeka, akatafuta namba yangu. Nikamuambia mama, ni bei, ni mambo ya bei tu. Akanyamaza muda murefu. Alafu akakata.

Niliifuta. Lakini kile kiliniumiza zaidi ni wiki zenye zilifuata, nikiandika kitu watu wananiandikia chini, "hii nayo ni kama ile ya boti?" Artikle yenye nilikuwa nimeitokea jasho, ya ukweli mutupu, watu wanaipita. Kuna mutu anaitwa Jakob Nielsen, ya zamani hii, 1997, aliangalia namna watu wanasoma ku intaneti na akakuta 79 kwa 100 wanapitisha tu macho, wenye wanasoma neno kwa neno ni 16. Na hiyo ilikuwa ku kompyuta, watu wamekaa ku kiti! Weka sasa mutu wa Ndosho, huku Goma, amesimama anangoja moto, ile pikipiki ya taksi, amenunua mega za intaneti za franka 500 na anaziona zinaisha. Huyu anakupatia kichwa na mistari 2. Ukimuiba pale, mega yake umeiba, na woga wake umeuchezea, na hatakurudilia.

Kwa hiyo nikabadilisha namna ya kuandika. Kichwa nikaanza kuweka kile chenye kiko ndani, wazi, na mustari wa kwanza naweka mutu. Sio "bei ya tikiti imepanda", naandika mama mwenye anauza sambaza, wale samaki wadogo, na amehesabu pesa yake mara tatu mbele ya dirisha ya tikiti. Watu wanashuka wanasoma mpaka chini juu wanataka kujua kama alipanda.

Alafu nikaanza hadithi ya kuendelea, mu grupu ya WhatsApp, Jumanne na Ijumaa. Ilikuwa ya Mama Nsimire, mujane, ana parsele moja, ni kusema kiwanja, na karatasi yake ndani ya sanduku, na siku moja mwanaume anakuja na karatasi ingine, namba ileile, sini (sahihi) ileile ya chini. Mambo ya parsele kuuzwa mara mbili, Goma nani haijui. Nilifikiri watu watataka kujua nani atashinda ku tribinale, na nilikuwa nimejifunza ata sheria kwa hiyo. Lakini Mama Nsimire alikuwa na binti, Asifiwe, nilikuwa nimemuweka tu kwa kujaza nyumba, na nikaandika bila kufikiria sana kwamba yuko mwaka wa sita na wanawafukuza mu nyumba wiki moja mbele ya egzetat, mutihani ya serikali ya kumaliza segondere. Loo. Kuanzia pale maswali yote ikawa Asifiwe. Atasomea wapi? Vitabu vyake vilibaki ndani? Atafanya egzetat ao hapana? Ilikuwa ule mama wa kitambaa amerudi, na mara hii nilimutambua.

Ndipo nikaelewa pia kwamba kukatia watu njiani ni kukopa. Kuna mwanamuke mwanasaikolojia, Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 aliandika kwamba watu wenye wamekatizwa kazi mu katikati wanaikumbuka kuliko ile wamemaliza, wenye walipima nyuma yake hawakuona sikuzote hivyo, lakini mimi mu sine niliona. Waamerika mu 1980 waliikopa mpaka mwisho: seri ya Dallas ilipiga mutu wake risasi mwezi wa 3 na kusema nani alipiga ikangoja mpaka mwezi wa 11, na ile usiku watu kama milioni 83 wakakaa mbele ya tele. Waliweza juu walilipa. Walisema jina. Nimeonaga seri zenye zinafungua siri mupya kila mara bila kufunga ya zamani, na wamama wa Majengo walikuwa na neno ya hiyo, walikuwa wanasema, "hii inatuzungusha", na mukono unaenda ku telekomande.

Basi nikajipa sheria, kila episodi ilipe swali moja la zamani mbele ya kufungua ingine. Na siku ya Jumanne iwe Jumanne kweli. Wasomaji wangu walikuwa wananunua mega siku hiyo, wengine waliniambia, kwa hiyo nikichelewa mimi nimemupotezea mutu pesa. Na sikuwa nakimbilia kuhukumu kwa episodi ya kwanza, maana mara nyingi ya kwanza ilikuwa inapita kimya na ya tatu ndiyo inawasha moto. Mwaka 2015 Netflix nao walitoa hesabu zao, wakasema mu seri walizoangalia hakuna ata moja yenye episodi ya kwanza ndiyo ilishika watu, ilikuwa ya pili, ya tatu, zingine mbali zaidi. Mutu anahitaji muda wa kujua huyu ni nani wa huyu.

Kuna njia moja ya kushika watu nilijaribu na nikaiacha, nayo ni ugomvi. Siku moja niliacha wazi ule mwanaume mwenye karatasi ya pili ni wa kabila gani, na mimi nilijua nafanya nini. Grupu iliwaka usiku wote, ujumbe zaidi ya 300, sijawahi kuona, na asubuhi nikakuta watu wawili wenye nawajua, wenye walikuwa wanaitana ndugu, wametukanana mpaka wazazi. Baadaye nilisoma kwamba mutafiti moja, Elizabeth Levy Paluck, alitoa mu 2010 kazi yake juu ya mchezo wa redio wenye ulipitishwa huku huku mashariki ya Kongo: fasi zingine walipata mchezo peke yake, zingine walipata mchezo na kipindi cha kuwaambia wajadiliane. Wenye waliambiwa wajadiliane walijadiliana kweli, lakini kuvumilia watu wasiowapenda kukapunguka. Nilisoma ile nikaweka simu chini. Ile nafasi ya kusema wamama walikuwa wanaachiwa na novela, inategemea umeijaza nini kwanza. Nikarudi nikaandika kwamba ule mwanaume pia alidanganywa, pia alikuwa ameuza ng'ombe wa baba yake kununua ile parsele. Watu walinyamaza. Mmoja wa wale wawili akaandika tu, "aah, naye maskini."

Alafu ikakuja tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, Jumamosi, Nyiragongo ikalipuka jioni. Wenye walikuwa Goma hawana lazima ya kuelezwa. Lava ilisimama kule Buhene, lakini chini ikaendelea kutetemeka siku kwa siku, na Alhamisi tarehe 27 asubuhi gavana akatangaza kartye 10 zitoke, na Majengo ndani. Tulitembea na mama yangu na watoto wa dada yangu mpaka Sake, kama kilometa 25, barabara imejaa magodoro na chukudu na mbuzi. Tulilala ku veranda ya kanisa. Hadithi sikuwa nayo ku kichwa ata kidogo.

Ijumaa jioni nilikuwa nimechomeka simu fasi moja wanachajisha kwa jenereta, binti moja pembeni yangu, na yeye anangoja yake, akaangalia skrini, akaona jina ya grupu. "Ni wewe unaandikanga Mama Nsimire?" Nikasema ndiyo. "Leo si Ijumaa?"

Nilimuangalia. Alikuwa amebeba sakoshi ya shule, ilikuwa inaonekana mule ndani hamukuwa nguo. Finalisti, wa mwaka wa sita. Akauliza kwa sauti ya chini, "Asifiwe alifanya egzetat?"

Nilikuwa nimepanga akose. Ilikuwa imeandikwa ku kadaftari kangu, kwamba siku ya kwanza anakuta mulango imefungwa, juu niliona uchungu huo utashika watu mpaka mwezi ujao. Nikakaa ku jiwe pale pembeni ya jenereta, batri 34 kwa 100, nikaandika kwa kidole mpaka saa 3 ya usiku. Asifiwe alisomea ku taa ya jirani mwenye karatasi ya pili, bibi yake ndiye alimufungulia mulango. Akaingia egzetat na viatu vya kuazima. Kama alifaulu ao hapana sikuandika, hiyo niliiacha ya Jumanne.

Nikatuma. Binti alifungua simu yake, akasogea kwa mama yake mwenye alikuwa amejilaza ku godoro, mama hajui kusoma, akaanza kumusomea kwa sauti. Watu wa godoro ya pembeni wakageuka. Moja akawasha tochi akamulika ile simu, kana kwamba simu haina mwangaza wake, na mwanaume mwenye hakuwa amesikia ata episodi moja akauliza, "Pole, huyu Asifiwe ni nani?" na sauti ya mama ikamujibu mu giza, "Ngoja, nitakuambia, ni mutoto wa ule mujane."